Mariakani ina reli mbili, ya tatu ijenge uani kwenu

KAMA umewahi kupita Mariakani kwa matatu, ulichokiona zaidi bila shaka ni malori. Malori kwenye mizani, malori kwenye foleni, malori yameegeshwa kando ya vibanda vya chai na mahamri. Mtu hawezi kukulaumu ukidhani huu ni mji wa barabara na basi.

Sasa siku moja usipite. Shuka steji, nunua dafu lako, kisha uliza stesheni iko wapi. Kabla hujajibiwa, wewe ndiwe utakayeulizwa: unataka ile ya zamani au ile ya SGR?

Mariakani ni mojawapo ya miji ya Kenya yenye stesheni mbili za reli mbili, zilizojengwa katika karne mbili tofauti. Moja ilianza wakati babu ya babu yako alikuwa kijana. Nyingine ilianza kubeba abiria mwaka 2017, pengine ukiwa shule ya msingi. Na kuna ya tatu ambayo bado haijajengwa. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie makala haya, kwa sababu mjenzi wake anaweza kuwa wewe.

Watu wazima wanaocheza na treni

Tuanzie mbali kidogo. Huko Ujerumani, Uingereza na Marekani kuna watu wazima, wenye kazi zao na madeni yao kama wengine wote, ambao wamejenga reli kwenye bustani za nyumbani kwao. Hapana, si mzaha. Unaingia getini, unakuta vitreni vinavuta mabehewa katikati ya maua, vinapita juu ya daraja la mawe, vinazunguka kidimbwi cha samaki, vinasimama kwenye stesheni ndogo yenye saa na benchi. Siku fulani za mwaka wenyewe hufungua mageti, majirani na watoto wakaingia kutazama. Wengine hukodi ukumbi, kila mtu akaleta meza yake na reli yake, yakawa maonyesho ya wikendi nzima.

Ukifika Hamburg, Ujerumani, utakuta onyesho linaloitwa Miniatur Wunderland. Lilifunguliwa mwaka 2001 na ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun. Treni za humo zimepunguzwa mara 87, na reli zake ukizinyoosha zinapita kilomita 15. Watu hupanga foleni kuingia.

Najua unachowaza: hiyo ni michezo ya wazungu wenye pesa. Subiri kwanza. Mwaka 1946, wanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani walianzisha klabu ya treni ndogo, Tech Model Railroad Club. Baadhi yao walipenda mandhari na rangi. Wengine walipenda kujifungia chini ya meza, kuunganisha nyaya na swichi ili treni kadhaa ziende bila kugongana. Mwishoni mwa miaka ya 1950, hao wa chini ya meza ndio waliokimbilia kompyuta za kwanza za chuo hicho. Neno "hacker", kwa maana ya mtu anayeijua kompyuta hadi ndani ya utumbo wake, lilikulia mikononi mwao. Kwa hiyo ukimwona mtu amechuchumaa kando ya kitreni na koleo mkononi, usimcheke haraka.

Hesabu ndogo yenye siri kubwa

Haya, chukua simu yako, fungua kikokotoo.

Reli ya zamani inayopita Mariakani ina upana wa mita 1 kamili, kutoka chuma hadi chuma. Hiyo ni milimita 1,000. Gawanya kwa 22.5. Umepata ngapi? 44.4, sivyo?

Sasa sikiliza. Mwaka 1968, kampuni moja ya Nuremberg, Ujerumani, ilianza kuuza treni za bustani kwa jina LGB. Reli yake ina upana wa milimita 45. Skeli yake ni 1:22.5, yaani kila kitu kimepunguzwa mara ishirini na mbili na nusu. Walichagua kipimo hicho kwa sababu waliiga reli nyembamba za milimani kule kwao, nyingi zikiwa za upana wa mita moja. Mtindo huo ukapendwa, ukaenea, na leo milimita 45 ni mojawapo ya vipimo vinavyotumika sana katika reli za bustani duniani.

Maana yake nini kwako? Kwamba mtu wa Ujerumani au Marekani anayetandika reli kati ya maua yake, mara nyingi anatandika, kwa kipimo, reli iliyo sawasawa na ile ya Mariakani. Upana wetu wamekuwa nao uani miaka hii yote. Sisi wenye reli yenyewe ndio hatujatandika hata mita moja.

Ziara: anza na ya zamani

Kufika ni rahisi. Kutoka Mombasa ni takriban kilomita 36 kwa barabara kuu ya Nairobi. Ukitoka Kilifi au Malindi, huna haja ya kuzunguka Mombasa: shika njia ya Mavueni, upitie Kaloleni, uteremke hadi Mariakani. Ukitoka Nairobi, panda ile treni ya SGR inayosimama vituo vya katikati, siyo ile inayokimbia moja kwa moja. Hakikisha saa za treni kabla ya kufunga safari, ratiba hubadilika.

Beba daftari, kalamu, futi ya kupimia, kofia na maji. Jua la Mariakani halina huruma.

Anza na stesheni ya zamani, na uanze na historia kidogo ili ujue unaangalia nini. Ujenzi wa reli hii ulianza Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikagusa ziwa, pale tunapopaita Kisumu leo. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, iliyokuwa chini ya Waingereza wakati huo. Karibu 2,500 kati yao hawakurudi kwao, walifia kazini. Simba wa Tsavo wa mwaka 1898 ndio wanaotajwa kila mara, lakini magonjwa na ajali vilikula watu wengi kuliko simba.

Mariakani iko mwanzo wa safari hiyo, pale reli inapoipa bahari kisogo na kupanda kuelekea nyika ya Taru. Mbele huko maji yalikuwa adimu kiasi kwamba wajenzi walikuwa wakipelekewa maji kwa treni, juu ya reli waliyoitandika wenyewe jana yake. Waza hilo unapofungua chupa yako.

Mwaka 1909 alipita hapa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Katika safari hiyo alikaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ili aone wanyama vizuri. Ndiyo, mbele kabisa, upepo usoni. Hiyo ni picha nzuri ya kuiweka kwenye kitreni chako: injini na benchi mbele, na mtu wa sentimita saba na nusu ameshikilia kofia yake.

Lakini mfalme wa njia hii alikuja baadaye. Kuanzia mwaka 1955, kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kilituletea injini 34 za mvuke zilizoitwa daraja la 59. Zilikuwa za muundo wa Garratt: boila moja kubwa katikati, na seti mbili za magurudumu na mitambo, moja mbele na nyingine nyuma. Kwa nini hivyo? Kwa sababu reli nyembamba yenye kona kali haiwezi kubeba injini ndefu isiyojikunja. Garratt hujikunja sehemu mbili kama jongoo, na uzito wake wa takriban tani 250 hugawanywa kwenye magurudumu mengi. Ndizo zilizokuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya mita moja. Kazi yao kubwa ilikuwa wapi? Mombasa hadi Nairobi. Yaani zilipita hapa hapa Mariakani, mchana na usiku, zikiungua mafuta mazito na kutikisa madirisha. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki.

Injini moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 32. Gawanya tena kwa 22.5: mita 1.4. Hicho si kitu cha kuweka mfukoni, hiyo ni meza ya kulia inayotembea.

Mambo matatu usiyaache bila kuyaandika

Kwanza, mataruma. Hivi ni vile vipande vinavyolala chini ya reli, kukatisha. Sehemu kubwa ya reli ya zamani ilitumia mataruma ya chuma, na sababu mojawapo unaijua hata bila kusoma uhandisi: mchwa. Mbao uliyoitupa chini Pwani hii haikai. Ukienda kujenga yako, kumbuka somo hilo, kwa sababu mchwa wa leo ni wajukuu wa wale wale.

Pili, kona na mteremko. Kutoka Mombasa treni lazima ipande, na injini haipandi kama bodaboda. Ndiyo maana reli hupindapinda sana sehemu za Mazeras kabla ya kufika Mariakani: inarefusha njia ili mlima uwe mlaini. Kila kona unayoiona ni hesabu ya mtu aliyekaa chini akapiga.

Tatu, nyumba. Piga hatua zako kando ya jengo la stesheni, pima upana wa mlango, hesabu madirisha, chora paa. Usitegemee picha ya simu peke yake. Picha haitakwambia mlango una upana gani.

Na hapa nikuonye kabisa. Usitembee juu ya reli, hata ukiona majani yameota katikati. Reli iliyonyamaza si reli iliyokufa. Usichukue hata msumari mmoja wa kumbukumbu. Vyuma vya reli ni mali ya umma, na wizi wake umeshaumiza nchi hii vya kutosha: Januari 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara nzima ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu kubomoa miundombinu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha au kuingia mahali. Ukinyimwa, shukuru na usogee.

Sasa nenda ya pili

Kutoka mjini chukua bodaboda hadi stesheni ya SGR. Utaona tofauti kabla hujashuka. Hii iko nyuma ya uzio, imenyooka na imenyanyuliwa juu ya tuta. Kila stesheni ya njia hii ilipewa sura yake, na ya Mariakani iliiga mnazi. Angalia paa na nguzo uone kama mchoraji aliupatia mnazi haki yake, wewe mtu wa Pwani ndiwe hakimu.

Reli hii ina upana wa milimita 1,435, na mataruma yake ni ya zege. Treni ya abiria hukimbia hadi kilomita 120 kwa saa. Ile ya zamani ilikuwa safari ya usiku kucha hadi Nairobi, watu wakalala, wakala, wakachumbiana humo ndani. Hii mpya, treni ya moja kwa moja hutumia takriban saa tano. Inasimuliwa kwamba Syokimau, mtabiri wa Wakamba, aliona nyoka mrefu akija kutoka baharini. Leo stesheni ya mwisho ya SGR upande wa Nairobi iko mtaa unaobeba jina lake.

Rudi kwenye kikokotoo. Gawanya 1,435 kwa 32. Umepata 44.8. Umeona? Ukipunguza SGR mara 32, nayo inatoshea kwenye reli ile ile ya milimita 45.

Hapo ndipo mambo yanakuwa matamu. Katika hali halisi, treni ya SGR haiwezi kupita juu ya reli ya zamani hata mita moja, wala ya zamani juu ya SGR. Mzigo unaohama kutoka reli moja hadi nyingine lazima upakuliwe na kupakiwa upya. Lakini uani kwenu, Garratt ya mwaka 1955 na treni ya mwaka 2017 zinaweza kufuatana kwenye njia moja, zikasimama stesheni moja, mtoto akazitazama zote mbili na kuuliza kwa nini moja ina moshi na nyingine haina. Na jambo moja zaidi: kilomita 120 kwa saa, ukigawanya kwa 32, ni kama kilomita 3.75 kwa saa. Huo ni mwendo wako wa kawaida ukienda dukani. Kitreni chako cha SGR kikikupita, kimevunja sheria.

Muulize mzee angali nasi

Nimekupa vipimo vingi, lakini kitu kinachokosekana kwenye vipimo vyote hivyo ni mtu.

Injini za mvuke ziliondolewa kazini karibu mwaka 1980. Kijana aliyeajiriwa reli mwaka 1970 akiwa na miaka 20, leo amevuka 70. Yeye ndiye anayejua sauti ya Garratt ikipanda na mzigo. Anajua mlio mmoja wa honi ulimaanisha nini na milio miwili ilimaanisha nini. Anajua treni mbili zilipishanaje kwenye njia moja bila simu ya mkononi, nani alimngoja nani, na nini kilitokea mtu akikosea. Mengi ya hayo hayakuandikwa kwa Kiswahili popote. Yamo kichwani mwake, na kichwa hicho hakina nakala.

Kwa hiyo ukifika Mariakani, Mazeras, Voi au hata mtaani kwenu Mombasa, uliza kama kuna mzee aliyefanya kazi reli. Karibu kila mtaa wa zamani unaye. Mwendee kwa adabu: "Shikamoo mzee. Samahani, nasikia ulifanya kazi reli. Ningependa unieleze kidogo, kama una nafasi." Akikuitikia marahaba na kukuonyesha kiti, umeshapata chuo. Usimwelekezee simu usoni kabla hamjazoeana. Muulize siku yake ya kwanza kazini. Muulize chakula cha kazini kilikuwa nini. Muulize mabehewa yalikuwa rangi gani, kwa sababu unataka kuyapaka yako rangi hiyo hiyo.

Hapo utaona faida ya kitreni. Ukimwendea mzee ukamwambia "nipe historia", atakupa mambo makubwa makubwa ya mkoloni na uhuru. Ukimwendea na behewa la katoni mkononi, ukamwambia "nimekosea wapi?", atakwambia mlango haukuwa hapo, ngazi ilikuwa upande ule, na taa ilining'inia hivi. Kitu kidogo mkononi hufungua midomo.

Ijenge sasa

Treni za LGB na za kampuni kama hizo ni ghali, tusidanganyane. Lakini wewe umekulia nchi ya jua kali. Watoto wa Pwani wamekuwa wakiunda malori ya waya, makopo na vifuniko vya soda tangu zamani, na Mariakani mjini utawaona wakiyavuta kwa kamba kando ya malori yenyewe. Kitreni ni hatua moja tu mbele.

Pima nafasi. Kona kali zaidi ya reli za LGB ina nusu kipenyo cha sentimita 60. Kwa hiyo duara zima linahitaji mita 1.2, na ukiongeza pembeni, mita 1.5 kwa 1.5 zinatosha kuanza. Baraza linatosha. Paa bapa la ploti linatosha, mwenye nyumba akikubali.

Tafuta reli. Fundi wa madirisha ya alumini ana vipande vyembamba anavyovitupa. Vikate, vipige kwenye mataruma, ukiacha milimita 45 katikati kila mahali. Tengeneza kijiti cha kipimo na ukitumie kila sentimita chache, maana milimita mbili zikikosewa kitreni kinaanguka. Mataruma kata kwenye plastiki ngumu ya ndoo zilizopasuka. Mchwa hawataigusa.

Tafuta nguvu. Treni za dukani hupata umeme kupitia reli zenyewe: chuma cha kushoto ni waya mmoja, cha kulia ni waya wa pili, na ukigeuza pande za umeme treni hurudi nyuma. Ndiyo maana reli za dukani nyingi ni za shaba ya manjano. Alumini ya dirishani haipitishi vizuri ikishaota kutu yake nyeupe, kwa hiyo wewe weka betri ndani ya kitreni. Mota utaipata kwenye printa iliyokufa au gari la kuchezea lililovunjika. Tumia betri ndogo za kuchajiwa za kawaida. Betri ya simu iliyofura achana nayo, inaweza kukuchomea nyumba.

Tengeneza magurudumu. Siri ya gurudumu la treni ni ule ukingo wa ndani unaolizuia kuteleza nje ya reli. Chukua vifuniko viwili vya plastiki, kidogo na kikubwa, uvigandishe pamoja, kikubwa kikae upande wa ndani. Basi, umepata gurudumu la treni.

Jenga mwili kwa katoni ngumu au bati la kopo. Kila kitu ulichopima Mariakani kigawanye kwa 22.5. Mlango wa mita 2 unakuwa karibu sentimita 9. Usibahatishe kwa jicho, jicho hupenda kudanganya.

Tandika njia. Inua udongo kidogo, tia kokoto chini ili mvua ya masika isiondoke na stesheni yako. Ukitaka mlima, usipande zaidi ya sentimita 2 kwa kila mita, la sivyo kitreni kitateleza papo hapo. Hapo utawaelewa wale waliopindapinda reli kule Mazeras.

Kisha pamba. Makumbi ya nazi ni nyasi kavu tayari. Chembe za mawe ya matumbawe ni kokoto za reli. Vipande vya kuti vinaezeka paa la kibanda cha chai. Na mbuyu? Nunua kwenye vitalu vya miche lile waridi la jangwani, mmea wa shina nene na maua ya pinki. Ukiwa mdogo hufanana na mbuyu uliopunguzwa na fundi wa vitreni. Usisahau kuweka malori kwenye mizani. Mariakani bila malori nani ataitambua?

Usijaribu kuweka njia yote. Kilomita 36 za Mombasa hadi Mariakani ukizigawanya kwa 22.5 unabaki na kilomita 1.6, na majirani hawatakubali. Chagua sehemu moja: stesheni, daraja, kona moja. Ijenge vizuri.

Kabla ya hapo, ukitaka kuona injini zenyewe, panda treni hadi Nairobi uende Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo zimo Garratt mbili za daraja la 59, Mount Gelai na Mount Shengena. Simama chini ya gurudumu lake, ndipo utajua mita 32 ni nini. Limo pia behewa ambamo simba aliingia usiku pale Kima mwaka 1900, akamchukua afisa wa polisi Charles Ryall kupitia dirishani. Pima dirisha hilo ukiruhusiwa. Utashangaa simba alipitaje.

Halafu mwite mzee

Ukimaliza, fanya onyesho. Ukumbi wa shule wakati wa likizo, uwanja wa kanisa au msikiti, hata chini ya mwembe wa jirani. Watano wakijenga mita mbili mbili kwa kipimo kimoja cha milimita 45, siku hiyo mnaunganisha vipande na mnapata mita kumi za reli. Ndivyo klabu za huko nje zinavyofanya, kila mtu na kipande chake, na kipimo kimoja kwa wote.

Kiti cha mbele usimpe diwani. Mpe yule mzee. Mpe na filimbi aamue treni iondoke saa ngapi. Akisema stesheni haikuwa hivyo, mpe penseli achore kwenye katoni ilivyokuwa, kisha andika jina lake na tarehe pembeni ya mchoro huo. Wiki inayofuata bomoa, ujenge upya jinsi alivyosema.